Hela ya Chuo Haikuliwa na Matapeli

Zuhura mwanangu,

Sikuulizi hali, maana nakusikia ukikohoa chumba cha pili na mama yako akikwambia unywe maji ya moto. Barua hii nitakupa mkononi kesho stendi. Usiifungue pale mbele ya watu. Ifungue basi likishapita Manyoni, ili hata ukitaka kushuka urudi kuniuliza, uone ni mbali.

Mambo ya kuishi Tabora mama yako ameshakueleza tangu juzi: ndoo ya kuogea usiazime mtu, mlenda mkavu uuweke mbali na sabuni, ukiumwa usijifanye jasiri. Sina la kuongeza hapo. Mimi nina neno moja ambalo nimekaa nalo mwaka wa nne sasa. Nisipolisema, utakwenda kujifunza uuguzi huku umebeba uongo wangu kwenye mkoba wako.

Ile hela yako ya chuo haikuliwa na matapeli. Niliichukua mimi.

Nimeandika sentensi hiyo nikaweka kalamu chini kwa muda. Sasa naendelea.

Babu yako kule kijijini Busi hakujua hela kulala ndani. Akiuza alizeti leo, kesho kutwa hela ile imeshageuka mbuzi. Akipata mgonjwa anauza mbuzi, akitaka bati anauza mbuzi. Mwaka ule ugonjwa ulipoingia zizini, mbuzi kumi na saba waliisha ndani ya siku tisa, na mimi niliacha shule mwaka huo huo, ingawa kwenye mtihani wa darasa la saba nilikuwa wa nne kati ya watoto sitini na kitu. Mzee hakulia. Alikaa juu ya jiwe la kunolea panga akaniambia, "Utakwenda mjini, ukafanye kazi ya mikono." Nikaja Dodoma, nikabeba zege, nikajifunza kujenga, kupiga lipu na kuweka vigae. Kujenga nilijua. Kuweka hela hakuna aliyenifundisha, na mimi sikuuliza, kwa kuwa mtu mzima akiuliza jambo kama hilo anaonekana mshamba.

Kazi za ujenzi wa mji wa Serikali kule Mtumba zilipoanza, mkandarasi wetu alitutangazia kwamba mwenye akaunti benki alete namba, atalipwa moja kwa moja. Jumatatu nikaenda mjini. Nilivaa shati lile la bluu la sikukuu, lakini viatu nilikuwa na pea moja tu, ya kazini. Mlinzi akanifungulia mlango akasema, "Karibu, mzee wangu." Ndani kuna baridi na sakafu ya vigae vyeupe, vya aina ile ile ninayowawekea watu. Nikakaa kwenye benchi. Nilipogeuka nyuma nikaona nyayo zangu za vumbi la simenti, moja, nyingine, nyingine, kutoka mlangoni hadi pale nilipokaa, na mama mmoja mwenye deki akija nyuma anazifuta taratibu. Hakuniangalia vibaya. Ningefurahi angeniangalia vibaya.

Dada wa kwenye meza aliniomba kwa heshima kitambulisho, barua ya serikali ya mtaa, picha mbili ndogo na hela kidogo ya kuanzia. Mimi nilikuwa na kitambulisho tu. Akaniambia, "Ukishavipata, baba, usipange foleni, njoo moja kwa moja kwangu." Nikasema ahsante, nitakuja. Nikatoka nikipita pembeni pembeni ya ukuta, nisikanyage katikati. Sikurudi tena.

Nyumbani mama yako aliniuliza, "Wamesemaje?" Nikamjibu, "Benki wanataka watu wenye mshahara wa kila mwezi." Zuhura, hakuna mtu aliyenitamkia maneno hayo. Niliyatunga njiani ili nisiseme kwamba niliona aibu ya viatu. Mama yako akayaamini, akawaambia wenzake wa kikoba, nao wakawaambia wengine. Sijui ni wanawake wangapi wa hapa mtaani Miyuji ambao hawakukaribia mlango wa benki kwa sababu ya viatu vyangu. Na mshahara wangu ukawa unapitia mkononi mwa nyapara, ambaye kila wiki alikata kidogo ya usumbufu wake. Nililipa usumbufu ule miaka miwili, nikamwita nyapara mwizi kila jioni, wewe ukinisikiliza.

Uongo ule wa kwanza ulikuwa mdogo, na ndio uliofungulia njia huu mwingine.

Unajua jinsi mama yako alivyopata ile hela. Unajua kuliko mimi, maana uliamka naye. Uji wa ulezi, chapati na maharage, mpaka Mtumba kwa mafundi, halafu arudi aoshe masufuria. Kila Jumamosi saa nane anakwenda kwenye kikoba kununua hisa, wiki nyingine tatu, wiki mbaya moja. Kile kikasha cha bati chenye kufuli tatu uliwahi kukiona. Mtu mmoja anakaa nacho, watu watatu wengine kila mmoja ana ufunguo wake, wasipokutana wote hakifunguki. Mama yako alikuwa mmoja wa wale watatu. Mtu asiyesoma vizuri, anayefuata maneno kwa kidole, alichaguliwa na wenzake ishirini na tano ashike ufunguo. Alikuwa akiuvaa shingoni hata akienda kuoga. Nilimtania siku moja kwamba mimi ananiacha nyuma, ila ufunguo hauachi. Akacheka mpaka akakaa chini.

Kikoba kilipovunjwa mwisho wa mwaka na kila mtu akapewa mgao wake, mama yako alisema hela ukiishika mkononi inayeyuka, akaiweka kwenye akiba ya simu. Halafu akaendelea kuongeza kidogo kidogo, kwa ajili yako, maana matokeo yako ya kidato cha nne yalikuwa yamekaribia na yeye hakuwa na wasiwasi nayo hata chembe.

Laini ile ilikuwa kwa jina langu. Hili huenda ulilisahau. Mama yako alikwenda mara mbili kujiandikisha kitambulisho cha taifa, na mara zote mbili mashine haikusoma vidole vyake. Vimelika kwa majivu na mchanga wa kusugulia masufuria. Basi nikamsajilia laini mimi. Namba ya siri pia nilimtungia mimi, mwaka wako wa kuzaliwa. Alikuwa anaiita "ile namba yetu."

Sasa nifike Busi, kwenye harusi ya Hamisi, mtoto wa baba yako mkubwa. Ulikuwepo kwenye kile kikao cha michango. Ulikaa na mabinti wenzako karibu na jiko. Baba yako mkubwa alisimama akanishika bega mbele ya ukoo mzima akasema, "Huyu mnamwona? Huyu ndiye anayeijenga Serikali kule Mtumba." Watu wakacheka kwa furaha. Mimi nilikuwa fundi wa lipu, Zuhura. Serikali nilikuwa naipaka udongo tu. Lakini walioanza kutoa ahadi walitoa debe la mahindi, elfu ishirini, elfu thelathini, na kila mmoja akimaliza watu wananitazama mimi. Nikasimama. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Ng'ombe wa harusi ni wangu."

Vigelegele vile nikivikumbuka mpaka leo masikio yanawaka moto. Na wewe ulipiga makofi. Nilikuona. Mfukoni nilikuwa na elfu kumi na mbili na nauli ya kurudi.

Ningeweza kumwambia kaka kesho yake kwamba nimeropoka. Kaka ni mtu mwema, angenificha. Niliona heri kuiba kuliko kumwambia. Sikuita kuiba wakati ule. Niliita "kuazima kidogo mpaka mkandarasi atulipe."

Simu ya mama yako ilikuwa inaletewa ujumbe kila mara: unastahili mkopo, bonyeza hapa. Ilistahili kwa sababu kulikuwa na akiba. Jioni moja yeye yuko kwa jirani, nikachukua simu, nikaingiza mwaka wako wa kuzaliwa, nikakopa. Yakaja masharti marefu, nikabonyeza kukubali bila kuyasoma. Mama yako ana udhuru wa kutosoma. Mimi, yule wa nne katika watoto sitini, nilipita masharti yale kama mtu anayepita msibani bila kutoa pole. Humo ndani kulikuwa kumeandikwa wazi kwamba mkopo ukichelewa, akiba inalipa. Hawakunificha. Niliyasoma baadaye, yote, neno kwa neno, wakati hayana faida.

Ng'ombe akanunuliwa. Nikapewa kiti cha mbele kwenye harusi.

Mkandarasi akachelewa mwezi. Nikakopa mara ya pili kuziba mkopo wa kwanza. Akachelewa mwezi mwingine. Siku moja niko juu ya jukwaa napiga lipu, simu ya mama yako nimeichukua kwa kisingizio kwamba yangu haina chaji, ukaingia ujumbe kwamba deni limekatwa kwenye akiba pamoja na gharama zake. Laki sita na themanini zikawa elfu nne na mia tatu. Nikaufuta ule ujumbe. Nikaendelea kupiga lipu, na nakumbuka ukuta ule ulitoka vizuri sana, msimamizi akausifu.

Nilikuwa na wiki tatu za kusema. Kila siku nilijiambia mkandarasi atalipa kabla hamjajua. Halafu barua yako ya kuitwa chuo ikaja, na tarehe ya kuripoti ikiwa imeandikwa kwa wino mzito.

Mlikwenda kwa wakala wewe na mama yako. Mimi nilijua mnakwenda, nikabaki nyumbani najifanya narekebisha bawaba ya mlango. Mliporudi mama yako hakuingia kwa mlango nilioukalia. Alizunguka uani akanisimamia mgongoni.

"Baba Zuhura, hela haipo."

"Haipo vipi?"

"Wakala ameangalia mara tatu. Anasema kuna elfu nne."

Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi ya mwisho ya kuwa mtu. Badala yake niliuliza, "Kuna mtu alikupigia simu siku hizi?"

Akafikiri. Akasema, "Kuna kijana alipiga juzi juzi. Aliniambia yeye ni wa huduma kwa wateja. Mimi nilimkatia."

"Ulibonyeza nini kabla hujakata?"

"Sikubonyeza... sijui. Labda nilibonyeza. Baba Zuhura, labda nilibonyeza."

Nikasema, "Basi ndiyo hiyo."

Maneno matatu. Nimetafuta tangu siku ile kama nimewahi kutamka kitu kibaya zaidi maishani mwangu, sijapata. Mama yako alikaa chini kwenye udongo, akaanza kujipiga mikono yake mwenyewe, mkono wa kulia unaupiga wa kushoto, wa kushoto unaupiga wa kulia, anasema, "Mikono hii! Mikono hii!" Wewe ulikuwa umesimama mlangoni na ile barua ya chuo. Ulikuja ukaishika mikono yake ukamwambia, "Mama, acha. Chuo kipo tu. Nitakwenda mwakani." Ulikuwa na miaka kumi na saba. Mimi mwenye arobaini na tisa nilikuwa nimeshika bisibisi.

Mwakani haikufika haraka. Nafasi ile alipewa mwingine. Ukaingia kwenye uji na chapati, na wale mafundi wenzangu wakawa wanakuita nesi kwa utani kwa sababu waliwahi kusikia. Wewe ulikuwa unacheka nao. Mimi nilikuwa nakula mbali.

Lakini lililoniumiza zaidi ni la mama yako, na wewe huenda hukuliona lote. Jumamosi iliyofuata alikwenda kwenye kikao, akavua ule ufunguo shingoni akaurudisha. Mwenyekiti wao, Mama Chilongani, alikuja hapa nyumbani jioni kumbembeleza. Nilikuwa nimekaa nao chumba kimoja, nakunywa chai. Mama Chilongani akasema, "Dada, kuibiwa si kosa lako. Hakuna aliyekulalamikia." Mama yako akajibu, "Mtu aliyeshindwa kulinda za mwanawe atalinda za wenzake?" Mama Chilongani akanigeukia mimi. "Shemeji, mwambie basi mkeo." Nikasema, "Mwache apumzike kwanza." Nikamimina chai nyingine.

Tangu hapo hakushika tena simu kwa jambo la hela. Mteja akitaka kumlipa kwa simu anasema hapana, njoo na ya mkononi, na wengine wanakwenda kula kwingine. Ukimwambia aangalie salio anakupa simu kana kwamba ni kaa la moto. Mwanamke aliyekuwa akifanya hesabu ya wateja hamsini kichwani bila kukosea, nilimfundisha kwa maneno matatu kwamba yeye ni mjinga, na akaukubali ujinga huo, akaishi nao.

Halafu ukaja ule mwaka dada wa benki alipoweka meza na mwavuli pale Mtumba karibu na mama lishe. Ulikimbia kuja kuniita kazini. "Baba, njoo! Hawataki picha, hawataki barua ya mtaa. Namba ya kitambulisho, kidole na simu tu. Hawakati hela ya kila mwezi. Dakika kumi!" Nikakwambia nina kazi. Ulirudi ukafungua yako. Nikakuona kwa mbali unaweka kidole kwenye kile kimashine, unacheka. Kuanzia siku ile kila jioni, kabla hatujapanda gari la kurudi, unapita kwa wakala: elfu mbili, elfu moja, siku ya mvua mia tano. Wakala alikuzoea akawa anakuita mteja mkubwa. Ada unayokwenda nayo kesho, Zuhura, yote ni ya kwako. Umejilipia mwenyewe kitu ambacho kilikuwa kimeshalipiwa.

Mama yako ulimpeleka tena kujiandikisha, ukampaka mafuta vidole wiki nzima, na mashine ikakubali. Nilikuwepo. Ulipomwambia, "Sasa mama tukufungulie akaunti," alirudisha mikono ndani ya kanga, akasema, "Mimi mkono wangu una mkosi na hela ya mashine." Ulinitazama nikusaidie kumshawishi. Nilijifanya naangalia foleni.

Mwaka jana, baada ya mavuno, nilikwenda mwenyewe. Hukujua. Kwa wakala yule yule, wewe ukiwa umetangulia na mama yako. Nikamwambia kijana, "Nataka akaunti kama ya binti yangu." Akaniuliza, "Ya nesi?" Nikasema ndiyo. Akaniomba namba, akasema, "Mzee, weka kidole gumba. Kikaze kidogo." Ikaisha. Chai niliyokuwa nimeagiza kwa jirani yake ilikuwa bado ya moto. Nilikaa na ile chai nikahesabu miaka niliyoogopa jambo la kikombe kimoja cha chai, na yote yaliyotokea humo katikati, nikashindwa kuinywa.

Tangu hapo naweka. Natafuta kufikisha zile laki sita na themanini, nimefika laki nne na ishirini. Hizo si zako. Ni za mama yako, na nimemwambia hivyo.

Maana leo mchana nimemwambia. Sikutaka uondoke mimi nikiwa nimekuandikia wewe na yeye bado hajui. Ungekuwa woga ule ule kwa njia nyingine. Wewe ulikuwa umekwenda kuaga kwa mwalimu wako. Yeye alikuwa uani anakufungia mlenda kwenye mfuko. Nikakaa juu ya ndoo mbele yake nikasema yote, kuanzia viatu, mpaka ng'ombe, mpaka ujumbe nilioufuta. Hakunikatiza. Mikono yake iliendelea kufunga fundo, halafu ikaacha.

Akauliza jambo moja tu. "Siku ile nilipokuwa najipiga mikono, ulikuwa unaniangalia?"

Nikasema, "Nilikuwa nakuangalia."

Kuku walikuja wakadonoa majani yaliyomwagika na hakuwafukuza. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, ile anayomwambia mteja bei, "Jumamosi saa nane utakuja kwenye kikao. Utasimama uwaambie."

"Wote?"

"Wote niliowaambia mimi ni mjinga. Na la benki pia utawaambia, kwamba ulitunga."

Nikasema nitakuja. Akachukua mfuko wa mlenda akaingia ndani. Uliporudi ulimkuta anakukunjia nguo, na kama ulimwona macho mekundu akakwambia ni moshi, basi sasa unajua.

Sijamwomba msamaha. Nilikuwa nimeandaa maneno, ila alipouliza lile swali yaliniishia. Nitamwomba siku nitakayoona anaweza kusema hapana bila kunionea huruma. Na wewe sikuombi kwa barua. Ukifika Tabora mpigie yeye. Mimi ukinipigia baada ya mwezi, au mwaka, nitapokea. Usipopiga pia nitajua umesoma.

Nasaha sina haki nayo, ila kuna mambo machache ambayo yalinigharimu na sitaki yakugharimu tena wewe uliyekwisha kuyalipia. Laini yako na akaunti yako vibaki kwa jina lako. Namba ya siri usimpe mtu, hata mume utakayempenda, hata mimi nikipiga simu nikilia. Akiba ikianza kukuletea mkopo, jua inayotaka kuliwa ni akiba. Masharti yakiwa marefu, soma; ukichoka, lala, usome kesho. Huko chuoni wasichana wakianzisha kikoba, ingia, maana macho ya watu ishirini yanalinda kuliko kufuli. Lakini uliza kwanza mkiachana hela inagawanywaje, na usione haya kuuliza mara mbili. Na siku moja ukiwa kwenye meza yako hospitali, akaingia mtu na viatu vyenye simenti, akasema "nitarudi," usimwache atoke. Mfuate mpaka mlangoni. Hatarudi. Mimi namjua.

Sasa nakaribia mwisho na nina kazi nyingine ya kuandika. Jumamosi wewe utakuwa huko, hutaniona nikisimama kwenye kile chumba cha Mama Chilongani mbele ya wanawake ishirini na tano, wengi wao wameninywesha uji kwa mkopo. Nimekuwa najaribu kupata sentensi ya kuanzia. Niliandika ndefu, zenye shikamoo kwa wazee, zenye mkandarasi aliyechelewa, zenye shetani ndani yake. Nimezifuta zote. Imebaki moja, na nimeijaribu kwa sauti ya chini ili nisiwaamshe: Naitwa Shabani, mume wa Mama Zuhura, na hela yake niliiba mimi.

Safari njema, mama.

Baba yako